Shemeji Usilie

Mume wangu anachanganya kokteli kwenye baa ya hoteli, na kinywaji kilichompatia sifa mwezi huu kinaitwa Shemeji Usilie. Jina hilo nililikuta kwenye ubao wa mlangoni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Moyo ukanilipuka paa!

Hebu tulichambue. Shemeji: nina mdogo wangu mmoja tu, wa kike, kwa hiyo mume wangu ana shemeji mmoja tu. Usilie: mtu haambiwi hivyo ila akiwa analia. Sasa huyo binti alilia nini mbele ya mume wangu, tena baani, bila mimi kujua? Na siku hizi bwana akipigiwa simu anatoka nje kuongea. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Ni jina tu, mke wangu," aliniambia nyumbani, akijifanya anatafuta soksi. "Wateja wanapenda vichekesho."

Jina tu! Mimi na tumbo langu la miezi saba ndiye wa kufanywa mjinga? Asubuhi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia mwizi wa mume asikanyage kwangu, hata mtoto akizaliwa asije. Hakujitetea. Alilia tu, nami nikakata simu nikijua nimempata.

Mchana nikaibuka baani. Mume wangu alikuwa stoo. Mpishi, mama mmoja mcheshi, alikuwa kaunta anakata ndimu.

"Hili jina kalitoa wapi?" nikamuuliza.

"Hapa kwetu majina hayatungwi, mama. Glasi ya kwanza ikijaa, neno linalosemwa hapo hapo ndilo linaandikwa ubaoni. Mwenye baa hajali ni neno gani. Ile nyingine inaitwa Funga Mlango!" Akacheka, halafu akaliona tumbo langu, akaacha. "Siku ile alikuja binti, akasimama hapo ulipo. Muulize mumeo."

Mume wangu alikuwa ameshatoka stoo, chupa mkononi.

"Sema leo! Ulimfanya nini mdogo wangu?"

Akaweka chupa chini. "Alikuwa ametoka kumpeleka mama yenu hospitali. Daktari kasema ugonjwa wa mama hauna dawa tena. Mama mwenyewe akatukataza kukwambia mpaka ujifungue, kwa sababu ya ile mimba iliyotoka."

Nikampigia mdogo wangu pale pale kaunta. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa na mama.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "umemwambia nini mdogo wako? Ananiogesha huku analia."