Mtoto wa Kuazima

Walisema mtoto mwembamba anachukuliwa. Waithira ndiye aliyeileta habari hiyo mtoni: kwamba mama wa ustawi wa jamii akimtundika mtoto kwenye mizani na mshale usisogee, huyo anapelekwa kwa masista, anabadilishwa jina, na siku ya kurudi anakuuliza, "Na wewe ni nani?"

Nilijaribu kuitupa habari ile, ikakataa kutupika. Nikiosha sufuria, iko. Nikiomba Mungu, iko kati yangu na amina.

Maana Wahu wangu alikuwa mwembamba. Ndiyo miaka tuliyohamia Langas, mashamba ya wazungu yakikatwa vipande. Baba Wahu aliuza mpaka mbuzi tupate chetu, na mahindi yetu ya kwanza yakapigwa na mvua ya mawe yakabaki kama ufagio uliochoka. Yeye akaenda kupasua mbao Timboroa, mimi nikabaki na shamba zuri lisilolika. Uji wa Wahu ulikuwa mwepesi hata ungeona kitako cha kikombe.

Kisha mzee wa kijiji akapita: kila mama wa mashamba mapya aje kanisani Alhamisi na mtoto wake apimwe. Asiyekuja atafuatwa nyumbani.

Ng'ambo ya mto alikaa Jemutai, mwenyeji wa huko. Yeye hakuitwa, alikuwa na ng'ombe. Na alikuwa na Kipkorir, mtoto aliyenona hadi mikono yake ilionekana kama imefungwa uzi. Alhamisi asubuhi nikamwendea.

"Mama Kipkorir, nipe huyu nikae naye, wewe uende kuni bila mzigo."

"Ubarikiwe, dada," akasema, akachukua panga, huyo.

Wahu nikamfunga mgongoni, nikamfunika leso hadi kichwani. Kipkorir nikambeba mbele. Nilitembea kama punda wa posho.

Na kule kanisani nikakutana na nani akitoka kwenye mizani? Waithira! Mtoto mkononi, kopo la maziwa ya unga kwapani.

"Na masista?" nikamnong'oneza.

"Masista gani?"

Nikataka kurudi nyuma, lakini Bi. Namalwa, mama wa ustawi mwenyewe, alikuwa amenishika mkono.

"Jina la mtoto?"

"Wahu."

"Msichana wa afya! Mvue nguo tumpime."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikasema ana baridi. Akamvua mwenyewe. Kipkorir, akining'inia kama paja la ng'ombe buchani, akajitambulisha mbele ya kanisa zima, akamlowesha Bi. Namalwa kifuani.

"Wahu huyu," akasema akijifuta, "ni msichana wa namna gani?"

Wahu mwenyewe akakohoa mgongoni.

"Na huyo?"

"Ni mzigo," nikasema.

"Mzigo una kifua, mama?"

Wanawake walicheka hadi wakaegemea ukuta. Kicheko ndicho kilichomvuta Jemutai kutoka njiani, kuni zingali mgongoni. Alimwona mwanawe kwenye mizani, akanitazama, akatua kuni. Hakunitukana, heri angenitukana. Aliinua ile leso, akamwangalia Wahu, akamshika kamkono kake kwa vidole viwili.

"Mama Wahu," akasema, "mtoto wangu uliweza kuomba. Maziwa yalikushinda?"

Bi. Namalwa alimpima Wahu. Mshale ulisogea kidogo tu, na hakuna aliyemchukua. Nilipewa kopo. Na kuanzia jioni ile nikawa navuka mto na kikombe, mpaka ng'ombe wa Jemutai wakazoea sauti yangu.

Sasa Wahu ana wa kwake, na nasikia haendi kliniki kwa sababu ya maneno ya sokoni. Basi asome hapa, na wenzake wasome.

Usiamini habari ya mtoni kabla hujamwona aliyeileta anafanya nini.

Usingoje kufuatwa nyumbani.

Usiogope mizani. Haina mikono.

Usimfunike mtoto mgonjwa ukamwita mzigo.

Usiazime mtoto. Ukishindwa kabisa, mvue kwanza.

Usipite kwa mwenye ng'ombe ukasalimia tu, na kikombe umekificha.