Mdiria na Kijiko

Tak. Tak. Tak.

Bado kulikuwa na giza, na sauti ilitoka mezani. Nikadhani panya amerudi. Nikanyata na kandambili mkononi, tayari kwa vita, nikamkuta binti yangu wa miaka sita kakaa na gauni lake la kulalia, anagonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe.

"Unafanya nini, mama?"

"Namuua samaki."

"Kijiko ndiye samaki?"

"Ee. Mdiria humpiga hivi kwenye tawi mpaka atulie. Halafu anamgeuza." Akakigeuza kijiko kwa makini. "Leo si ndiyo siku yenyewe?"

Ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mimi hufyatua matofali. Kiwanda chetu ni banda la mabati, tanuri mbili, na kijito kinachopita nyuma. Udongo tunauchimba ukingoni mwa kijito hicho. Ukingoni pana tundu, upana wake ngumi ya mtoto, na mwenye tundu ni mdiria: ndege mdogo wa buluu, kifua rangi ya tofali lililoiva, mdomo mrefu kupita haki yake. Huketi kwenye tawi juu ya maji, na akimwona samaki hujitupa kama jiwe. Binti yangu alimpenda tangu siku ya kwanza nilipokwenda naye kazini. Humwita "mvuvi wetu".

Taabu ni kwamba hapo ndipo penye udongo mzuri kuliko kwingine kote. Jana msimamizi wetu, ambaye tunamwita Futi kwa kuwa nadhani hata kitandani hulala na futi kamba yake, alipima ukingo akachomeka kijiti hatua mbili tu kutoka kwenye tundu.

"Kesho saa nne jembe linaingia hapa."

"Na makinda?" nikamuuliza.

"Makinda gani? Tundu la mwaka jana hilo. Umewaona?"

Sikuwa nimewaona. Hakuna aliyewaona. Tundu lina kina kupita urefu wa mkono, na ukichokonoa kwa kijiti utaua unachokitafuta. Lakini mwalimu wetu wa sayansi katika darasa la jioni alitufundisha jambo moja, nami nikalisema palepale, mikono imejaa udongo. Mdiria humeza samaki kwa kutanguliza kichwa, mapezi yasimkwaruze koo. Kwa hiyo akila mwenyewe, kichwa cha samaki hukielekeza ndani. Akiwapelekea watoto, humshika samaki kwa mkia, kichwa kikatokeza mbele, ili wao nao waanzie kichwani.

"Ni kama kumlisha mtoto," nikamalizia. "Mpini kwako, chakula kwake."

"Haya, mwanafunzi," Futi akasema, watu wakaanza kucheka. "Shule ya jioni imeingia mpaka tumboni mwa ndege."

Mama Pacha, ninayefyatua naye meza moja, hakumwacha. "Afadhali iingie huko, kaka, kuliko isiingie popote."

Hapo wakacheka sawasawa, na Futi mwenyewe akajikuna kidevu. "Sawa. Kesho mpaka saa nne. Akionekana samaki aliyetanguliza kichwa, tutachimba ng'ambo mpaka hao makinda waruke. Ila shahidi awe huyo bintiyo. Mimi mbali sioni vizuri, na wewe utaona unachokitaka."

Ng'ambo udongo una kokoto. Nilijua wenzangu wangechambua kokoto wiki nzima kwa ajili ya neno langu, na usiku huo sikusoma hata ukurasa mmoja.

Basi asubuhi tukakaa watatu, mimi na Futi na shahidi wetu, juu ya rundo la matofali yaliyovunjika, binti yangu katikati, na kijiko chake alichokataa kukiacha nyumbani. Saa tatu hivi mdiria akatua kwenye tawi. Akajitupa majini, akaibuka na samaki wa urefu wa kidole. Tak, tak kwenye tawi. Akamgeuza. Vidole vya binti yangu vikanibana goti.

"Kichwa kiko wapi, shahidi?" Futi akauliza.

Mtoto akaniangalia. Nilijua anatamani kusema nini, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani aseme. Akainamisha kichwa.

"Ndani," akanong'ona.

Ndege akameza, akajikung'uta manyoya kana kwamba hayamhusu.

Futi hakucheka. "Mkweli huyu," alisema tu.

"Amekula peke yake," binti yangu akaniambia, machozi yakimlengalenga.

"Hata mimi siku nyingine huanza kula, ndipo nikulishe. Mwenye njaa atavua nini?"

Mara ya pili ndege alijitupa akatoka mdomo mtupu. "Hata fundi huukosa msumari," Mama Pacha akasema kutoka mezani kwetu. Alikuwa amefyatua matofali manne tu tangu asubuhi, shingo imemgeukia kijitoni.

Saa nne kasoro dakika tano Futi akainuka, akapangusa suruali, akachukua jembe. Kisha akalitua, akatoa futi kamba, akaanza kupima upya alichokipima jana. Akapima mara mbili. Ilipofika saa nne kamili hakuwa tena na cha kupima, akaliweka jembe begani.

Majini pakalia chubwi.

Mdiria akapanda tawini na samaki mdogo kuliko wa kwanza. Tak, tak. Akamrusha, akamdaka, akamgeuza. Hakumeza. Akatulia akilitazama tundu. Maji yalikuwa yakinimetea machoni, nikawa sioni ila kivuli cha mdomo.

"Shahidi?" Futi akauliza, jembe bado begani.

Binti yangu akasimama juu ya matofali. Akakiinua kijiko, mpini ndani ya ngumi, akafumba jicho moja akakilinganisha na ndege. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka tanurini:

"Kichwa kiko mbele."