Mabanda Aliyoyakwangua

…na mahali pale bado panaonekana, akiinamisha kichwa kidogo kuelekea dirishani bado panaonekana, si mistari, mistari alikwisha kuikwangua kwa wembe tangu Jumatatu, bali karatasi yenyewe iliyopoteza mng'ao wake, mabaka manne meupe nyuma ya nyumba, kila moja upana wa kidole gumba, mahali yalipokuwa mabanda ya kupikia, na hakuna mwingine mezani anayeyaona kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kwamba yaliwahi kuwapo, Mzee Apolinari, mwenyekiti wa kamati, amekwisha kusoma muhtasari hadi mwisho, amevua miwani, ameisukuma kalamu juu ya meza hadi kwa Lukelo, "Haya, mchoraji wetu, tia sahihi, tukanywe chai," na kalamu sasa imo mkononi mwake, na mkono u juu ya ramani, na ni jambo dogo mno, herufi sita, Lukelo, amekwisha kuziandika mara elfu… Nyumba ya Kusubiria ya Akina Mama Wajawazito, Ifakara, Agosti 1996, maneno ameyachora mwenyewe kwa wino mweusi, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, na chini yake vyumba vinane kushoto, vinane kulia, ukumbi katikati, jiko moja kuu lenye mpishi wa kuajiriwa, nyumba ya wanawake wa vijiji vya mbali watakaoletwa wiki tatu, wiki nne kabla ya siku zao, mvua zisije zikawafungia huko na uchungu wao, nyumba nzuri, kila aliyeiona amesema nzuri, ukiikunja karatasi katikati upande mmoja unaulalia mwingine bila kupishana hata unywele, "Mzee, samahani," huyo ni mama Tekla, mkunga, miaka ishirini na mitano amepokea watoto wa bonde hili na bado huomba samahani kabla ya kusema, "mimi bado nauliza, msindikizaji je? Mtu anakuja na mama yake, anakuja na mkwe wake, huyo atalala wapi? Atapika wapi?" na Fridolin, fundi mkuu, anacheka kabla hajajibu, "Watalala darini, mama, nitawafungia fito waning'inie kama popo," "Wewe Fridolin, mkeo alipojifungua nani alimpikia uji?" "Mama yake," "Basi mning'inize huyo kwanza," na wanacheka wote, hata mzee, na Lukelo naye ameinua midomo ili aonekane anacheka… atapika wapi, kwani nani asiyejua, mwanamke aliyekaribia kujifungua hali chakula kilichopikwa na mkono asioujua, hasemi, hakatai, anashukuru, anapokea sahani na kuikalisha mapajani hadi ipoe, kisha anampa mwenzake, Lukelo anajua, amekulia Mkula katika nyumba ya wanawake watano, anajua kama anavyojua jina lake, ndiyo maana mara ya kwanza aliyachora, hakuna aliyemwambia, mkono wenyewe ulikwenda nyuma ya nyumba ukachora mabanda manne yenye mafiga, na kando ya kila banda chumba kidogo cha msindikizaji, akaegemea kiti akaitazama ramani yake, akaona haikai sawa, mabanda yalikuwa matatu upande huu na moja upande ule kwa sababu ya mteremko wa kiwanja, nyumba ilionekana kama mtu aliyevaa shati akakosea vifungo, na hilo ndilo lililomuuma, si jingine, kwenye kamati alizungumza habari za usafi, habari za moshi, habari za mpangilio wa kisasa, alizungumza vizuri hadi mzee akagonga meza kwa kupendezwa, lakini wembe aliushika kwa sababu ya vifungo vya shati… "Mama Tekla," mzee anasema, kwa upole, "tukianza na wasindikizaji mwisho wake tutajenga kijiji. Na mchoraji mwenyewe ndiye aliyetushauri, si ndiyo, Lukelo?" ndiyo, ndiye, na kichwa chake kimetikisika kabla hajakikataza, chumba hakitoshi, ndivyo alivyosema hata siku ile, hapana, si siku hii, siku ile nyingine, Machi ya mwaka wa tisini na nne, chumba hakitoshi, Stefania, unaona mwenyewe, sakafu imejaa karatasi… na amesimama mlangoni mdogo wake, tumbo limetangulia, kanga imelowa hadi magotini, ametembea kutoka ile nyumba ya zamani ya kusubiria, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya maghala ya mpunga, vitanda sita na marufuku sita zimeandikwa ukutani, "Kaka, mama amelala barazani siku ya tatu leo," mama ni mama mkwe wake, mama Yosefina, ambaye Stefania alipanda naye treni kutoka Uchindile alikoolewa, mwanamke mzima aliyejitwika kichwani sufuria, kibaba cha unga na magome ya dawa ya mgongo, akakuta hapana pa kulala wala pa kuinjika, akatandika gunia nje ukutani na mvua inampiga miguu, "Siwezi kulala kitandani, kaka, mama yake mume wangu yuko nje kama mbwa, nikimwona asubuhi sijui nimsalimieje," na alikuwa anacheka kidogo aliposema hivyo, Stefania akitaka kulia hucheka, na Lukelo angeweza, hapa ndipo mawazo yake hugeuka kila mara na kurudi, kama ng'ombe afikaye kwenye kijito, angeweza kukunja karatasi zile, zilikuwa mazoezi ya chuo tu, daraja ambalo hakuna atakayelijenga, angekwenda kulala kwa rafiki, angewaachia wanawake chumba na jiko la mkaa, siku ngapi, kumi, kumi na mbili, lakini wino ulikuwa haujakauka, akasema vumilia, siku chache tu hizo, vumilia mdogo wangu, naye akasema haya, akatazama lile daraja sakafuni kwa heshima, akauliza, "Hili ni la wapi, kaka?" akajibiwa la popote… "Ardhi yenyewe ni ngumu upande ule," Fridolin anaeleza sasa, kidole chake cha saruji kinapita juu ya mabaka manne bila kujua, "hata ungetaka kujenga kitu nyuma ungechimba msingi mpaka Krismasi," si kweli, ardhi ni laini, Lukelo alipima, mteremko tu, msingi wa ngazi tatu ungetosha, kwa nini hasemi… siku ya tano walipanda treni kurudi Uchindile, na wiki mbili baadaye uchungu ukamshika alfajiri, mume wake akamtafuta mtu mwenye gari la kubebea magogo, njia imekatika, treni ya kushuka bado, na saa nne asubuhi hakukuwa tena na wa kusafirishwa, yeye wala mtoto, na kule msibani, walipofika ndugu kutoka Mkula na matope hadi mapajani, shangazi Mariana hakungoja hata kuketi, "Yuko wapi? Yuko wapi huyo mchawi aliyemtoa mwanetu karibu na madaktari akaja kumla huku porini?" na mama Yosefina alikuwa ameinama kwenye jungu la msiba, anapika, hakuinua uso, alipakua, akaleta sahani, akapiga goti mbele ya shangazi, na shangazi akaisukuma sahani kwa mguu, ugali ukaanguka majanini, wanaume wakatazama pembeni, Lukelo akatazama pembeni, na tangu siku ile habari imekaa hivyo, Mkula nzima inaijua hivyo, mkwe alichoka kulala nje, mkwe aling'ang'ania kurudi, naye Lukelo akiulizwa huitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia sasa hivi, ni kichwa kilekile, hakisemi uongo, kinatikisika tu… "Kijana, una nini? Joto?" "Mwacheni, wasomi lazima wasome kwanza," "Amechora mwenyewe, anasoma nini?" anasikia, anasikia vyote, lakini kuna jambo jingine limeinuka, jambo ambalo miaka miwili na nusu amelipita kwa mbali kama mtu apitaye njia ya nyuma ili asisalimiane na anayemdai salamu, nalo leo limesimama katikati ya njia, asubuhi ya siku ya tano, hodi, saa kumi na mbili unusu, akadhani ni Stefania tena akakawia kufungua, alikuwa ameshika rula, na mlangoni yuko mama Yosefina peke yake, kanga imefungwa kifuani, anatetemeka kwa baridi, "Shikamoo mama," "Marahaba, mwanangu, sikai, nimekuja kukuomba, mwambie mwenzio abaki. Mimi nimemwambia hasikii. Anasema nikiondoka naye anaondoka. Mimi nitarudi peke yangu, sina neno, nimezaa saba nyumbani, lakini huyu nyonga yake nyembamba, nimeiona, mwambie wewe kaka yake, wewe atakusikia," na yeye akasema, kwa sauti nzuri, sauti ileile ya kamati, nitapita jioni, mama, na jioni akawa anapaka wino nguzo za daraja, na treni ilikuwa imeondoka mchana… hakung'ang'ania, aliomba, alikuja kwa miguu katika mvua kuomba Stefania abakizwe, aliiona nyonga, ndiye pekee aliyeiona, na kule majanini alipokuwa anaokota ugali kwa vidole vyake, kipande kwa kipande, aliinua macho mara moja, mara moja tu, akamtafuta mtu mmoja kati ya wanaume waliotazama pembeni, na macho yale hayakuwa ya hasira, ndiyo maana hajaweza kuyakumbuka mpaka leo, yalikuwa yanangoja, yalikuwa yanampa nafasi… "Lukelo," mzee anasema, "tunakungoja wewe tu, mwanangu," mama Tekla hacheki tena, ameegemeza kidevu mkononi na kumtazama kama amtazamavyo mwanamke ambaye bado hajasukuma, na Lukelo anatambua kwamba kuyarudisha mabanda ndiko kwepesi, usiku mmoja na chupa ya wino, mama Tekla atafurahi, mzee atanung'unika kisha atakubali, lakini watauliza umejuaje, mbona umegeuka, na jibu halimo katika ramani, liko Uchindile, kwa mwanamke mzima ambaye wasichana wa ukoo wake hawachumbiwi huku Mkula kwa jina alilopewa, naye hajawahi kulikana, hajawahi kumtaja mtu, na duniani pote ni watu wawili tu wanaojua kwamba alipiga hodi asubuhi ile, yeye mmoja, na wa pili ni huyu hapa, ambaye watu wazima watatu wanamkodolea macho wakidhani wanachongoja kwake ni sahihi…