Krismasi Juu ya Garmai

Tangu kulipopambazuka Garmai hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa, akasugua sufuria safi, akaenda dukani kununua barafu akarudi na chumvi. Mumewe, Sumo, alikuwa kwenye kigoda ananyonyoa kuku, naye alimtazama akipita huku na huko mpaka shingo ikamuuma.

"Garmai, unamkimbia nani nyumbani kwako?"

"Simkimbii mtu. Nyonyoa kuku wako."

Alikuwa anamkimbia mama yake. Jana yake mama huyo, Ma Kebbeh, alikuwa akizungumza kwenye simu na rafiki yake aliyeko Liberia, na kwa kuwa haamini kwamba simu inaweza kufikisha sauti kule bila kusaidiwa, alipaza sauti mpaka majirani wote pale Kasoa, Ghana, wakasikia: "Kesho namwekea Garmai Krismasi yangu. Anirudishe kwetu Gbarnga. Hapo hana pa kutokea."

Na kweli hakuwa na pa kutokea. Waliberia, hata ukiwaweka Ghana miaka nenda rudi, jambo hili hawaliachi: siku ya Krismasi mtu akikuwahi akakuambia, "Krismasi yangu iko juu yako," umenasa. Wa mtaani utamaliza naye kwa pipi au sahani ya wali. Lakini kwa akina Garmai, mtu wa damu yako akisema hivyo na kutaja anachotaka, hukatai, na wewe uliyewahiwa huna nafasi ya kumdai yeye mpaka mwaka mwingine. Marehemu baba yake aliwahi kuvuliwa viatu kwa mtindo huo mlangoni mwa kanisa, akarudi nyumbani peku huku akicheka.

Siku za kawaida Ma Kebbeh alishaomba sana. Garmai alikuwa akimjibu ngoja mvua ziishe, ngoja watoto wafunge shule, ngoja Sumo apate likizo. Alikuwa anaogopa. Wakati wa vita yeye na mama yake walikimbia wawili tu, mkono kwa mkono, na wengi waliobaki nyuma hawakuonekana tena. Sasa alikuwa na mume, watoto, na kibanda cha kushonea nguo chenye wateja wa kutosha. Pamoja na hayo yote, alijua kwamba mama yake akiondoka, yeye atakuwa mgeni tu katika nchi ya watu, na wazo hilo lilimkosesha raha hata chakula hakikupita.

Kanisani alikwenda kukaa na wanakwaya, ingawa haimbi. Ibada ilipokwisha alitangulia mbele na watoto.

"Leo una haraka kweli," mama yake alimwambia kwa nyuma.

"Wali utaungua, Mama."

"Wali haujabandikwa."

Mchana wakakaa uani kula: wali, majani ya mihogo yanayoelea kwenye mawese, kuku, na tangawizi baridi. Watoto walikuwa wakiwekeana Krismasi wenyewe kwa wenyewe, wakipokonyana mapaja. Sumo alishapoteza saa yake ya mkononi kwa binti mdogo. Ma Kebbeh alikula taratibu, akafuta midomo.

"Garmai, sogea hapa."

"Ngoja nilete maji."

"Maji yapo. Kaa."

Akakaa. Mama yake akamshika goti, akavuta pumzi. "Krismasi..."

"Krismasi yangu iko juu yako, Mama," Garmai akadakia, maneno yakimtoka mbiombio. "Usiende Gbarnga. Ubaki na mimi."

Watoto wakapiga makofi kwa kuwa Bibi kawahiwa. Sumo akaacha kutafuna. Ma Kebbeh akacheka kidogo, kama mtu aliyefungwa bao dakika ya mwisho.

"Umeniwahi. Haya, nimekupa. Nabaki."

Akaomba simu, akampigia mdogo wake, Lorpu, kule Gbarnga. Safari hii hakupaza sauti.

"Lorpu, usiendelee kupaka rangi kile chumba changu. Weka mpangaji. Hapana, siumwi. Garmai kaniwahi." Akasikiliza. "Usilie basi, leo sikukuu. Kaburi la mama yetu utalifyeka mwenyewe mwezi wa tatu, siku ya kusafisha makaburi, kama ulivyozoea. Ukichoka, pumzika."

Akairudisha simu, akachukua firigisi kwenye sahani yake na kumwekea Garmai. "Kula. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

Garmai aliona aibu. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba mama yake naye alikuwa na mama, wala kwamba kule kuna mtu anayefyeka peke yake na kupaka rangi chumba cha dada asiyefika.

"Mama, naifuta. Sema yako."

"Haifutwi. Umedai, nimetoa. Mimi sasa ni mali yako, nifanyie upendavyo." Aliyasema kwa utani, lakini uso wake haukuwa wa utani.

Garmai akaitazama simu mezani, akaichukua na kupiga.

"Mama Mdogo, ni Garmai. Mwaka huu hujaniwekea Krismasi yako."

"Nikuwekee nini, mwanangu, na wewe umeshabeba kila kitu?"

"Wewe weka tu."

Lorpu akapenga kamasi.

"Krismasi yangu iko juu yako, Garmai," akasema. "Nipe dada yangu."

"Nimekupa. Endelea na rangi."

Ma Kebbeh alikuwa ameshika kijiko hewani. Alikitua polepole.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi ni mtu mzima, Mama," Garmai alisema, akaangua kilio mbele ya watoto wake.