Kitufe cha Mzee Wahome

Siku Khavere alipopekuliwa mkoba, jua lilikuwa la utosini na akina mama wa idara ya kufunga sabuni walikuwa wamekaa ukutani karibu na geti wakila githeri. Njogu, msimamizi wa magari, aliichagua saa hiyo makusudi. Alimwamuru askari atoe kila kitu: leso, Biblia ndogo, chupa ya chai, kitambulisho. Kisha akainama mwenyewe akachungulia ndani ya mkoba mtupu.

"Unatafuta nini, Bwana Njogu?" Khavere aliuliza.

"Mpira wa kunyonyea petroli. Gari la mzee linakunywa mafuta kama lori tangu Februari, na anayelishika ni wewe."

Wale akina mama waliacha kutafuna. Khavere alirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, taratibu, ili kila mtu aone ni vitu gani. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwanamke wa kwanza kuajiriwa dereva katika kiwanda kile cha sabuni mtaani Baba Dogo, na kwa miaka minne alikuwa amempeleka meneja, Mzee Wahome, kutoka nyumbani kwake Buruburu hadi kazini na kumrudisha bila hata mkwaruzo. Wapo waliokuwa wakisubiri ateleze. Sasa walikuwa wamepata.

Ofisini, Njogu alimsukumia karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, Triza Khavere, anakiri kuchukua petroli ya kampuni na anaomba msamaha.

"Weka sahihi, tutakuhamishia idara ya kufunga sabuni. Ukikataa, Jumatatu huna kazi."

"Sikuiba."

"Basi petroli imekwenda wapi?"

"Sijui bado," Khavere alisema. Akaigeuza karatasi kichwa chini, akairudisha upande wa Njogu. "Lakini hii sitii sahihi leo, na Jumatatu pia sitii."

Jioni hakwenda moja kwa moja nyumbani kwake Huruma. Alipitia kwa Bwire, fundi aliyetengeneza magari ya otomatiki kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kiwanda cha misumari. Walitoka kijiji kimoja na Bwire alimwita shemeji. Bwire alimsikiliza huku akifuta grisi vidoleni.

"Februari kulibadilika nini?"

Khavere alifikiri. Gari halikubadilika, wala barabara. Halafu akakumbuka. Mwezi ule Mzee Wahome alikuwa ametoka kwenye arusi ya mtu, akiwa amechangamka, akasema rafiki yake amemfungua macho. Kando ya gia ya gari lile la Kijapani kulikuwa na kitufe kilichoandikwa SPORT. Mzee alikibonyeza, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, naye akaamuru isizimwe tena. "Hapo ndipo nguvu zilipokuwa zimefichwa," alisema. Tangu siku hiyo gari lilikuwa likinguruma muda mrefu kabla ya kubadilisha gia, na mzee alikuwa akitabasamu kwenye kiti cha nyuma.

Bwire alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, kitufe kile hakiongezi nguvu hata chembe. Injini ni ile ile. Springi hakizigusi, breki hakizigusi, usukani haukijui. Kazi yake ni moja: kinaiambia gia ingoje. Pale ambapo ingeingia ya tatu, inabaki ya pili, injini inazunguka sana. Ukigusa mafuta gari linaruka haraka, kwa sababu tayari liko kwenye gia ndogo. Mtu anadhani amepata nguvu mpya. Mle mjini, simama-nenda, simama-nenda, kelele ile yote ni petroli."

"Na nikikanyaga mafuta mpaka chini?"

"Hapo hakuna tofauti ya maana. Ukikanyaga mpaka chini, gia inajishusha yenyewe, kitufe kiwe kimewashwa au kimezimwa."

Khavere alimfanya arudie maneno hayo mara mbili. Usiku aliyasema peke yake akipika mboga ya sukuma, mpaka yakawa yake.

Jumamosi, kiwanda kilipofanya kazi nusu siku, alipanda ngazi hadi ofisi ya meneja bila kuitwa. Njogu alimfuata mbio.

"Mzee, mimi ni dereva wako na sijawahi kukudanganya," Khavere alisema. "Petroli haiibwi. Inaliwa na kitufe chako."

Mzee Wahome alivua miwani. Alikuwa mtu mzito, mzee wa kanisa, asiyezoea kuambiwa jambo na mtu aliyesimama.

"Kitufe changu? Nguvu za gari langu ndizo unazoziita mwizi?"

"Hakina nguvu, mzee. Kinachelewesha gia, basi."

"Mama huyu anatafuta pa kutokea," Njogu alisema. "Akipewa gari alipime, ataendesha polepole atudanganye."

"Mimi sitaendesha." Khavere aliweka ufunguo juu ya meza. "Mzee ataendesha mwenyewe. Kesho asubuhi, barabara zikiwa tupu. Nikiwa mwongo, nitatia ile sahihi mbele yenu."

Huenda Mzee Wahome angemfukuza. Lakini kulikuwa na kitu katika ule ufunguo uliolala mezani ambacho hakuweza kukikataa bila kuonekana anaogopa gari lake mwenyewe. Akauchukua.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu walijaza tangi mpaka petroli ikaonekana shingoni. Mzee alishika usukani, Njogu akakaa kando yake na saa mkononi, Khavere nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kiti kile.

Walianza na mbio, kwa kuwa ndizo mzee alizozipenda. Kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Outer Ring, taa ya chungwa ikiwaka, mzee alikanyaga mafuta mpaka chini hadi mshale ulipofika themanini. Njogu alisoma saa: sekunde kumi na tatu. Wakarudi pale pale, Khavere akaomba kitufe kizimwe. Mzee akakanyaga tena mpaka chini.

Njogu aliisogeza saa karibu na macho.

"Soma," mzee alisema.

"Kumi na tatu."

"Umesoma vibaya."

Wakarudia. Ikawa kumi na tatu tena. Masikio ya Mzee Wahome yalianza kuiva.

Wakajaza tangi upya, kisha wakaingia safari ya kawaida, kutoka kiwandani hadi Buruburu na kurudi, mara tatu, taa ikiwaka. "Endesha kama unawapeleka wajukuu kanisani," Khavere alisema kutoka nyuma, na hakuna aliyemkemea. Gari lilinguruma kila lilipoondoka kwenye mzunguko. Pampuni lilichukua lita saba na robo. Wakazunguka tena mara tatu, taa imezimwa. Safari hii injini ilinong'ona. Gia zilipita mapema kiasi kwamba mzee alikuwa akitazama mshale kuona kama zimeingia. Pampuni, lita tano na nusu na tone juu yake.

Mzee Wahome alisimama akiitazama ile pampu muda mrefu. Kengele za kanisa zilikuwa zimeshalia zikanyamaza.

"Nimekosa ibada," alisema hatimaye, kana kwamba hilo ndilo lililomuudhi.

Jumatatu asubuhi Njogu alimwita Khavere ofisini, akaichana ile karatasi, akaitupa kwenye pipa.

"Limekwisha. Rudi kazini."

"Halijaisha. Uliniita mwizi wapi?"

"Mama, usilete mambo."

"Ulinipekua getini, saa ya chakula, watu wote wakitazama. Utalimaliza huko huko, saa hiyo hiyo. La sivyo mzee atajiendesha leo, na kesho, na mpaka mtakapoamua."

Aliketi kwenye benchi ya koridoni, mkoba magotini. Saa nne simu zililia, karani akapita akijifanya hamwoni. Saa tano Mzee Wahome aliuliza dereva yuko wapi, akaambiwa. Khavere aliisikia sauti yake nzito kupitia ukutani, na ya Njogu ikizidi kuwa ndogo.

Saa saba, akina mama walikuwa ukutani na mabakuli yao. Njogu alitoka hadi getini, akakohoa.

"Ile habari ya petroli," alisema, "haikuwa kweli. Mama Khavere hakuchukua kitu."

"Hatukusikia!" Nduta wa idara ya kufunga sabuni alipaza sauti kutoka mwisho wa ukuta, na wenzake wakaangua kicheko.

Njogu alimtazama Khavere, akitarajia amwokoe. Khavere alikunja mikono.

"Sema tena," alisema. "Kwa sauti."