Dakika Moja ya Mama

Ilipofika saa moja na nusu jioni, binti alizima jiko, akafunga dirisha ili kelele za mtaa zisiingie, akaketi karibu na televisheni. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, aliweka mkasi chini. Tamthilia ilikuwa inaanza, na mama alikuwa na dakika moja tu ya kusema ya siku nzima.

Kwingine kote watu walisikia wimbo wa mwanzo, ule ambao hata watoto wa chekechea waliujua. Kwao, picha za mwanzo zikipita, televisheni ilitoa sauti ya mama akizungumza.

"Bomba la jikoni linavuja tena, likaze. Zile suruali sita usizitoe mpaka nikague mapindo. Halafu umekonda, mwanangu. Kula!"

"Nakula, mama."

"Unakula nini? Chai?"

Wimbo ukaisha, mama akanyamaza hadi kesho yake.

Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipourekodi wimbo na sauti yake ikabaki kwenye kanda. Siku ile karani alikuja na fomu ya majina ya mwisho wa kipindi, akauliza nani kaimba. Mama alifungua kinywa, ikatoka hewa tu. Hakuna aliyempa kalamu. Mkuu wa studio alikuwa na haraka zake, akasema, "Mwandike mke wangu kwa sasa, tutarekebisha." Basi jina la huyo mke likawa linapanda kwenye kioo kila jioni, kwa herufi nyeupe, mbele ya neno mwimbaji. Mama alilisoma kila siku, na kila siku lilimuuma.

Kisha likatoka tangazo kwamba tamthilia inaisha Ijumaa. Binti aliomba ruhusa kazini, akaenda kituo cha televisheni kuomba kanda ya wimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mtunza kanda alijibu, akasikiliza habari yote huku akifuta miwani. "Sauti hubaki, hilo la kawaida. Kuna mtangazaji mmoja wa zamani huja hapa kila Jumatatu kuipigia simu familia yake kwa sauti iliyobaki kwenye kanda yake. Ila yeye ana jina kwenye orodha. Kanda hupewa mwenye jina."

"Aliyeimba ni mama yangu, jamani!"

"Nakuamini kabisa. Jina lake ndilo silioni."

Binti alilia palepale kaunta, mbele za watu. Mzee alimletea kiti na maji ya kunywa. Kanda hakumpa.

Ijumaa, binti alifunga dirisha mapema. Alitaka tu aitwe mwanangu mara moja zaidi, aliweke neno hilo moyoni. Picha za mwanzo zilipoanza, mama alimshika mkono.

"Mwanangu," ikasema televisheni. Kisha mama akataja jina lake: lake mwenyewe, la baba yake, la babu yake, polepole, kama mtu anayemsubiri karani aandike. Akalirudia. Akalirudia tena, mpaka dakika ikaisha.

"Nimesikia, mama," binti alisema, machozi yakimtoka.

Waliitazama tamthilia hadi mwisho. Majina yakapanda, na mbele ya neno mwimbaji lilikuwa jina la yuleyule mke wa mkuu. Mama alilisoma, akachukua mkasi wake. Binti akaenda jikoni kukaza bomba bila kuambiwa.