Viputo Kando ya Ukuta

Mtu anaweza kuuliza: mji unaporomoka, waasi wamekwisha kuichukua Kisangani na wanashuka, askari wanavunja maduka mchana kweupe, halafu watu wazima wanakaa kushindana kuvua samaki? Naam, walikaa. Chama cha wavuvi wa mshipi cha Lubumbashi kilifanya shindano la kuvua kape, samaki wa bwawani, kila mwaka mvua zikikaribia kuisha, ila mwaka ule wa 1997 hakuna aliyetaka kombe. Gérard, mwenyekiti, alikuwa na lori. Jumatatu alikuwa anavuka nalo kwenda Zambia, na kati ya mizigo na ndugu zake ilibaki nafasi moja. Alisema mshindi ataichukua, au atampa amtakaye.

Djuma wa mtaa wa Makomeno aliitaka kwa ajili ya mkewe. Amida alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alishasema bila kupasuliwa hatajifungua salama. Mjini dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha. Kitwe, upande wa Zambia, alikuwako dada wa Amida, na hospitali inayofanya kazi. Djuma, fundi wa mitambo ambaye mwaka wa pili sasa hajaona mshahara, hakuwa na njia nyingine ya kumfikisha huko.

Kwa hiyo alijiandaa. Siku nne mfululizo alikwenda bwawani kumwaga pumba za mahindi mahali pamoja, karibu na ukuta wa udongo uliozuia maji, ili kape wapazoee. Kila mvuvi alikuwa na mahali pake pa kulishia, na zamani watu walikuwa wakiibiana. Ndiyo maana sheria ya chama ilikuwa kali: ukivuka kijiti cha mpaka wako kabla ya filimbi ya mwisho, umetoka, na samaki wako hawapimwi.

Jumamosi ile mvua ilianza alfajiri na haikutaka kuacha. Radi zilipiga upande wa kaskazini, na kila zilipopiga watu walitazamana, maana siku hizo hakuna aliyekuwa na hakika kama ni radi. Maji ya bwawa yalipanda mpaka kwenye majani ya ukuta. Zamani Ngosa, mlinzi, angefungua mlango wa maji na kuziba matundu kwa udongo, lakini Ngosa alichoka kufanya kazi ya bure akarudi kwao Kasomeno, na mlango wenyewe ulishashikwa na kutu. Nyuma ya ukuta, chini kabisa, wake za wavuvi walikuwa wamejibanza kwenye banda la mabati wakipika bukari, ugali wa kwao, ya kulia samaki, kama desturi. Amida alikuwa humo, amekaa juu ya gunia, miguu imevimba.

Djuma alianza vizuri. Mvuvi wa kape hutazama viputo: samaki akifukua tope chini, hewa hupanda juu, nawe unajua pa kutupa ndoana. Kufikia saa sita alikuwa na samaki wanne. Casimir, karani wa ofisi ya serikali aliyekaa kijiti cha pili, alikuwa na watano wadogo. Kisha Djuma akaona viputo vipya hatua chache kutoka ukutani, vingi, vinapanda bila kukatika. Alisema kimoyomoyo kwamba hilo ni kundi zima, na Amida amekwisha kufika Kitwe.

Alitupa ndoana. Hakuna kilichogusa. Akatupa tena.

Viputo vya kape hutembea, kwa sababu kape hali akiwa amesimama. Hivi havikutembea. Djuma aliliona hilo, miaka ishirini ya kuvua si mchezo, na akajitia hamnazo. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alikiri baadaye: aliona, na akaendelea kutupa ndoana.

Ndipo samaki mkubwa akashika, upande wa zile pumba zake. Fimbo ya kuvulia ilipinda mpaka ikalia. Huyo peke yake angemaliza shindano, na zilibaki dakika kumi na tano. Djuma alimvuta polepole, na alipoinua macho kuangalia mshipi aliona pale penye viputo maji yanazunguka, majani yanazunguka nayo, kisha yanamezwa. Maji yalikuwa yamepata njia ndani ya ukuta. Alisimama hapo na samaki bado kwenye mshipi kwa muda wa pumzi mbili au tatu, na pumzi hizo zilimtesa maisha yake yote.

Akaiachia fimbo ikaburutwa majini. Akaruka kijiti, akawapigia kelele walio nyuma ya ukuta.

“Mutoke! Mai inapita mu digue! Bote mutoke!”

Wanawake walikimbia wakiacha sufuria. Amida hakuweza kukimbia; Djuma na Benita, mke wa Casimir, walimkokota kwa makwapa kuelekea kilimani. Walipofika kwenye jiwe la kwanza ukuta ulifunguka, na banda likaondoka zima, na mabati yake na moto wake.

Bwawa lilikauka mbele ya macho yao. Gérard aliposhuka na mizani, uso wake ulikuwa wa majivu, lakini sheria aliisema.

“Ulivuka kijiti, Djuma. Règle njo ile.”

Djuma akamgeukia Casimir, ambaye sasa nafasi ilikuwa yake. Casimir alimtazama mkewe, aliyejaa tope mpaka nywele, kisha akainamisha kichwa na kumjibu Djuma kama kaka yake mkubwa.

“Pardon, yaya. Bakinikuta hapa, bataniua.”

Waasi wasingemwacha karani wa serikali, na kila mtu alilijua hilo. Huko chini, watu wa mitaa ya jirani walikuwa wameshafika na mabeseni, wanaokota kape waliorukaruka kwenye tope, wakubwa kwa wadogo, bure.

Amida alikaa juu ya jiwe, mikono yote miwili tumboni. Alimwita mumewe mara mbili kabla hajasikia.

“Djuma,” alisema. “Mutoto anakuya.”

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na lori lilikuwa la Jumatatu.